Dunia zenye pengo

Kabla ya kikao cha kwanza cha Athas, dunia ya kubuni ya jangwa katika mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, niligawa vifungo vya shati. Kila mchezaji alipata sita, akavipanga mbele ya karatasi ya mhusika wake, mahali ambapo wote tunaviona. Nikasema kifungo kimoja ni maji ya siku moja, na kutoka mlipo hadi mji wa karibu ni mwendo wa siku nane. Hakuna aliyecheka. Mdogo wangu, ambaye tangu tuanze kucheza swali lake la kwanza akiingia chumba chochote ni "kuna hazina?", alivitazama vifungo vyake, akavitupia jicho vya jirani yake, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Yule mzee tuliyempita njiani, alikuwa na kiriba?"

Nilikuwa sijawatisha na chochote. Zimwi halijatokea, joka halijanguruma. Lakini watu waliozoea kuokoa vijiji walikuwa tayari wanapiga hesabu ya kumpora babu wa watu.

Nimekuwa mwendesha mchezo, yule anayesimulia dunia huku wengine wakicheza wahusika wao, kwa miaka kumi sasa, na kundi langu ni lile lile la watu watano. Zamani mtu akiniuliza aanze kampeni yake (hadithi moja ndefu ya vikao vingi) katika dunia gani ya kubuni, nilikuwa namtajia ile yenye ramani kubwa na vitabu vingi. Siku hizi namuuliza kwanza: hiyo dunia unayoifikiria, inakosa nini? Maana ninazozipenda mimi zote zina pengo. Kuna kitu ambacho kingepaswa kuwepo na hakipo, na kila anayeishi humo anajua, hata mtoto mdogo. Zile kurasa kumi za historia unazowatumia wachezaji usiku wa kuamkia mchezo hawazisomi (nimeshaacha kuwatumia). Pengo halihitaji kusomwa. Wanatumbukia wenyewe.

Athas ndiyo dunia ya Dark Sun, iliyotoka mwaka 1991 kwa ajili ya Dungeons & Dragons, mchezo mama wa aina hii. Waliibuni Troy Denning na Timothy Brown, na mchoraji Brom akaipa sura: misuli iliyokauka, mifupa, anga la rangi ya kutu. Chuma ni adimu mno, kwa hiyo watu wanapigana kwa mfupa, mti na kioo cha volkano, na silaha hizo huvunjika katikati ya pigano. Fedha ni vipande vya udongo wa kuchomwa, na kipande kimoja unakimega mara kumi kupata chenji. Miungu hakuna kabisa. Miji inatawaliwa na wafalme wachawi waliokaa madarakani kwa karne nyingi, na makuhani wanaabudu maji yenyewe, au moto, au upepo.

Ukame wote huo umeletwa na uchawi. Kila anayeroga ananyonya uhai wa mimea iliyomzunguka. Mwenye subira huchukua kidogo na mmea ukapona. Mwenye haraka huacha duara la majivu miguuni pake. Raia wa kawaida hawatofautishi hawa wawili, wanawachukia wote. Na hapa Kiswahili kimenisaidia bila kukiomba. Katika dunia nyingine huwa nahangaika na neno "mchawi", kwa sababu masikioni mwetu mchawi ameshahukumiwa kabla hajafungua mdomo, na mimi nataka mzee wa vitabu mwenye ndevu na hekima. Athas sihangaiki. Pale mchawi ni mchawi kama tunavyomjua, na jirani akijua atakuita kwa jina hilo huku akiokota jiwe.

Siku ya tano ya ile safari, vifungo vimebaki kimoja kimoja, wakavamiwa na wawindaji wa watumwa chini ya jabali. Kwenye ramani nilikuwa nimechora kichaka kimoja kwa kalamu ya kijani, doa tu, kwa sababu karatasi ilikuwa imenichosha kwa rangi ya kahawia. Shemeji yangu, anayecheza mchawi, akaniuliza: "Hicho kichaka kina majani?" Nikamwambia machache. Rafiki yetu anayecheza mlinzi wa ardhi akaweka kiganja juu ya lile doa, akalifunika, akasema, "Shemeji, usithubutu." (Wote humwita shemeji, hata wasio na undugu naye.) Shemeji akasema, "Samahani," na akaroga. Wawindaji watatu wakaungua. Nikalowesha kidole nikafuta lile doa. Likabaki kovu la kijivu kwenye karatasi. Walishinda vita kwa dakika mbili, na wale wawili hawakulala kwenye moto mmoja kwa vikao vitatu. Hakuna hotuba ambayo ningeweza kuandika ikafanya kazi hiyo.

Niwape tahadhari: Athas inaua. Sheria za mwanzo zilimtaka kila mchezaji awe na wahusika wanne, mmoja anacheza na watatu wanasubiri zamu, na wote wakaanza ngazi ya tatu badala ya kwanza. Mimi nilidhani ni mbwembwe. Hadi kikao cha sita tulikuwa tumeshazika wanne.

Na niseme kitu kuhusu elfi, wale viumbe wa hadithi wanaofanana na watu ila masikio yao yamechongoka (kwa Kiingereza elf). Mwanzoni tulisema "elfu", kama wengi wanavyosema, mpaka siku nilipotangaza kwamba "elfu mmoja anawasubiri nje ya lango" na kundi zima likakimbia. Walidhani ni jeshi. Tangu hapo ni elfi. Wa Athas, kwa taarifa yenu, si wale wa kuimbia nyota. Ni wakimbiaji wa jangwani na walanguzi ambao hata rafiki yao hawamwachii mzigo. Vibushuti nao (kwa Kiingereza halfling), ambao kwingine kote ni watu wa kula vizuri na kuvuta tumbaku, pale wanakula watu. Ukimwambia hivyo mchezaji mzoefu anadhani unamtania.

Sasa niseme ile isiyo na pengo, nijue wangapi watanikasirikia. Forgotten Realms ilianza na Ed Greenwood, Mkanada, alipokuwa mtoto katika miaka ya 1960, kabla hata Dungeons & Dragons yenyewe haijachapishwa mwaka 1974. Sanduku la kwanza la dunia hiyo likatoka mwaka 1987. Namheshimu mno mtu aliyelima shamba moja maisha yake yote. Lakini shamba limejaa. Kila mto una jina, kila mji una shujaa wake mkongwe, na miungu ni mingi hadi inapigana vikumbo. Nilipoendesha kampeni Waterdeep, mmoja wa miji yake mikubwa, wachezaji wawili walikuwa wanaijua kuliko mimi, na wakawa wananisahihisha kwa upole, jambo ambalo ni baya kuliko kusahihishwa kwa ukali. Halafu siku moja, mji uko hatarini, mpango wangu wa miezi minne umeiva, mdogo wangu akauliza: "Sasa kwa nini tusimwite Elminster?" Elminster ndiye mzee wa wachawi wote kule, ana uwezo wa kumaliza tatizo kabla hajamaliza kiko chake. Sikuwa na jibu. Nikasema amesafiri. Walinitazama kama mnavyomtazama mtu anayesema bosi hayupo huku viatu vya bosi vinaonekana chini ya pazia.

Pamoja na hayo kuna kona moja ya dunia hiyo ninayoipenda, na mtaona kwa nini. Ni Icewind Dale, kaskazini ya mbali kwenye theluji, katika kampeni iliyotoka mwaka 2020. Mungu wa kike wa baridi, Auril, amezuia jua lisichomoze, na baridi haiishi. Miji yake kumi inajaribu kumtuliza kwa sadaka: baadhi inajinyima chakula, mingine inajinyima moto, na mingine inapiga kura ni nani atolewe nje usiku. Umeona? Wametoboa tundu kwenye shamba lililojaa, na ghafla pakawa na pa kusimama. Mimi nilizima taa tukacheza kwa mishumaa ili wausikie ule usiku. Wazo baya. Hakuna aliyeweza kusoma dadu, kila mtu akawa amepata 20, namba ya juu kabisa.

Krynn, dunia ya Dragonlance, nitaipita haraka. Ilitoka mwaka 1984, Tracy Hickman na Margaret Weis ndio wanaojulikana nayo zaidi. Miungu ilitupa mlima unaowaka juu ya mji wa Istar kisha ikaondoka, na mchezo unaanza miaka zaidi ya mia tatu baadaye, hakuna mponyaji wa kweli hata mmoja. Pengo zuri sana hilo. Sarafu yenye thamani ni ya chuma cha pua, kwa sababu baada ya janga lile dhahabu haikukata mkate wala shingo. Kuna miezi mitatu angani, mweupe, mwekundu na mweusi, na nguvu ya wachawi hupanda na kushuka nayo. Nilitengeneza kalenda ya duara ya kuzungusha kwa mkono ambayo bado naionea fahari. Taabu yake ni kwamba pengo lenyewe limeshazibwa. Hadithi kubwa ya kurudi kwa miungu imeshasimuliwa na inajulikana, na ukiwaweka wachezaji ndani yake wanajikuta wamepanda treni.

Barovia ni kinyume: pale hadithi ni moja, inajulikana, na bado kila mara inauma upya. Tracy na Laura Hickman waliitoa mwaka 1983 kama tukio moja la kasri na mnyonya damu wake, Strahd. Ukungu unazunguka bonde zima, anayeingia hatoki. Mwanzoni kabisa mwanamke mpiga ramli anawapangia karata, na karata hizo ndizo zinazoamua silaha za kumshinda Strahd zimefichwa wapi, kwa hiyo hata mimi mwendesha mchezo sijui mpaka zifunuliwe. Watu wengi wanasifia hilo, na wanasifia kwa haki.

Mimi kilichonikamata ni kitu kidogo zaidi, kilichomo kwenye toleo la mwaka 2016: katika kila watu kumi wa Barovia, karibu tisa hawana roho. Wanatembea, wanauza mkate, wanajibu salamu, lakini ni maganda. Wenye roho mara nyingi huvaa kitu chenye rangi. Sikuwaambia wachezaji. Nilichofanya ni kwamba kila mwanakijiji asiye na roho nilimsemesha kwa namna moja: anajibu swali, haulizi. Ilichukua vikao viwili. Kisha wakamkuta mtoto mwenye utepe wa njano kichwani, akawauliza, "Nyinyi mnatoka wapi?" Yule anayecheza mlinzi wa ardhi akaweka penseli chini. "Subiri," akasema. "Huyu ndiye wa kwanza kutuuliza kitu." Wakageuka nyuma kwenye daftari zao kuanza kuhesabu wote waliokwisha kuongea nao, na mmoja wao alikuwa padri waliyemwamini na siri zao zote.

Eberron ndiyo iliyonifundisha lugha yangu mwenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Mwaka 2002 Wizards of the Coast, kampuni inayochapisha Dungeons & Dragons, ilitangaza shindano la kutafuta dunia mpya, yakaja mapendekezo zaidi ya 11,000, na aliyeshinda ni Keith Baker. Ikachapishwa mwaka 2004. Ufalme mmoja mkubwa umevunjika kuwa mataifa matano yaliyopigana karibu miaka mia. Kisha siku moja ya mwaka 994 kwa kalenda yao, taifa zima la Cyre likafutika. Ukungu wa kijivu ukalifunika, na ndani yake maiti haziozi. Nani alifanya hivyo? Vitabu vinakataa kusema, kwa makusudi. Wote wakaogopa, mwaka 996 wakatia saini mkataba wa amani, na kampeni inaanza mwaka 998, wakati hakuna aliyeshinda na hakuna anayejua kama kitu kile kinaweza kutokea tena. Jibu langu la nani aliyehusika liko kwenye bahasha iliyofungwa. Nimelibadilisha mara mbili.

Katika vita vile viliundwa viumbe vya kupigana: miili ya mti, jiwe na chuma, akili timamu ndani. Kwa Kiingereza ni warforged. Sisi tulitaka jina letu, na kwa kuwa mfua chuma hufua, tukawaita Wafuliwa. Ndiyo, utani ulikuja siku hiyo hiyo: wamefuliwa, wamekamuliwa, wameanikwa? Tukacheka, jina likabaki. Mkataba wa amani uliwatambua kuwa watu huru na kuamuru viwanda vyao vifungwe. Maana yake kampeni inapoanza, Mfuliwa ana miaka miwili tu ya kuwa mtu.

Dada mmoja katika kundi letu, mtulivu kuliko wote, alichagua kumcheza Mfuliwa. Kikao cha kwanza, Sharn, mji wa minara, wanaingia kwenye nyumba ya wageni. Mimi nikiwa naeleza mandhari nikasema: "Mlango unafunguka, kinaingia kiumbe kirefu cha chuma, kinainama kukwepa boriti." Dada akainua macho. "Kinaingia," akasema, "au anaingia?"

Sikuwa nimefanya makusudi. Ulimi ulikwenda wenyewe kwenye ngeli ya vitu. Na ukifikiri, sarufi yetu ina huruma ambayo hatuitambui: kijana, kiongozi, kipofu, kiziwi, wote wana ki- mbele, lakini hatusemi kijana kimeanguka. Tunasema ameanguka. Umbo la neno ni la kitu, ila aliye ndani yake akiwa na uhai tunamhamisha. Swali ambalo kitabu kinalitolea kurasa kadhaa, kama Mfuliwa ni mtu au mali, Kiswahili kinakulazimisha ulijibu kila unapofungua mdomo. Hakuna pa kujificha.

Basi nikaligeuza kuwa chombo. Mwenye nyumba ya wageni akasema, "Hiki kibaki nje." Msichana wa mezani akasema, "Mwache akae, amechoka." Kuanzia hapo sikuhitaji kumweleza mtu yeyote msimamo wa kisiasa wa mhusika wangu, kiambishi kimoja kilitosha. Wakili wa ukoo uliowaunda alisema "kifaa hiki" kwa adabu zote. Mkongwe wa vita aliyekatika mguu alisema "huyu mwenzangu". Wachezaji wakawa wanasikiliza silabi ya kwanza ya kitenzi kama wanavyosikiliza dadu likidunda.

Miezi kadhaa baadaye wakakutana tena na kapteni aliyewawinda tangu mwanzo, wakiwa wote wamekwama ndani ya ule ukungu wa Cyre. Dada alimbeba kapteni mgongoni akavuka naye mto. Upande wa pili kapteni akawageukia askari wake wawili waliobaki. Nikamfanya aseme: "Kisiguswe." Kisha akanyamaza. Kisha: "Asiguswe." Dada hakusema kitu. Alichukua kalamu, na pale juu ya karatasi yake, kwenye nafasi ya jina ambayo kwa miezi yote ilikuwa na namba tu, akaandika jina. Hakutuonyesha hadi wiki iliyofuata.

Baada ya hapo nilijaribu Sigil, mji wa Planescape ya mwaka 1994, uliojengwa upande wa ndani wa pete inayoelea juu ya mnara usio na mwisho. Miungu hairuhusiwi kuingia, na mlango wowote unaweza kuwa njia ya kwenda ulimwengu mwingine kama una ufunguo, ambao unaweza kuwa chochote, hata wimbo. Mji mzuri ajabu kuusoma. Kuucheza, kundi langu lilitumia vikao viwili likifungua milango.

Na Glorantha nimeshindwa, nakiri. Greg Stafford alianza kuiandika mwaka 1966. Mchezo wa kuigiza wa RuneQuest ukafuata mwaka 1978. Pengo lake ni pengo hasa: katikati ya ulimwengu ulikuwepo mlima, ukalipuka katika vita vya miungu, na tangu siku hiyo bahari inamiminika kwenye shimo lililobaki bila kulijaza. Nani asingependa hiyo? Lakini Glorantha inataka ujue ukoo wa mhusika wako, babu yake alipigana wapi, anamwabudu nani na kwa sadaka gani, na sisi tulikuwa watu watano waliochoka baada ya kazi. Tulicheza vikao vinne. Kilichobaki midomoni mwao ni kwamba kule kuna bata wanaoongea na kubeba panga. Nimewaeleza mara nyingi kwamba wale bata wana historia ya kusikitisha. Hawasikii. Ninakusudia kuirudia nikipata wachezaji wawili tu wenye subira, badala ya watano.

Jumamosi tunaanza Athas upya, miaka mia baada ya wale tuliowazika. Nimetoa kopo la vifungo kabatini na kuchora ramani nyingine, safari hii bila doa la kijani. Mdogo wangu ameshaniandikia kuuliza kama mhusika wake anaweza kuanza na vifungo saba, kwa sababu ana ngamia. Nimemjibu kwamba Athas hakuna ngamia, na kwamba hata angekuwepo, naye angekunywa.